Mgomba Uliozikwa Paya

Watu wa Busia wakiniuliza meli yetu ilifikaje kwenye kinamasi cha Dabani, huwa nawajibu ovyo. Siku nyingine nasema tulishushwa na lori. Siku nyingine nasema tulikuwa tunatafuta bandari tukapotea njia, na hilo si uongo sana. Nimechoka kueleza. Mtu akishaamua kwamba wewe ni kichaa, kila unachoeleza kinamwongezea ushahidi tu.

Lakini kwenye kuandika hakuna wa kunikatiza, kwa hiyo nitasema yalivyokuwa. Kwetu kuna ziwa. Nikisema kwetu sina maana ya nchi nyingine. Nina maana ya hapa hapa, Busia hii na Dabani hii, ila katika upande mwingine wa dunia ambako maji hayakukomea yalipokomea huku. Kwetu ziwa linatoka kusini na kuja moja kwa moja mpaka Tororo. Lile jiwe kubwa la Tororo ni kisiwa, na juu yake kuna taa ya kuongoza meli. Mahali hapa mlipojenga Busia yenu, na forodha, na soko, na vituo vya boda, kwetu pako chini ya maji. Paya iko ufukweni. Mimi nimezaliwa Paya, katika nyumba ambayo ukilala unasikia mawimbi yakigusa mawe.

Kwetu pia kuna vita, kati ya watu wa bara na watu wa visiwa, na vimedumu kiasi kwamba kila anayekueleza chanzo chake anakueleza tofauti. Nilikuwa baharia kwenye manowari ndogo ya doria, upande wa bara. Kazi yangu ilikuwa kupima kina. Unasimama mbele kabisa ya meli, unatupa bildi, ile kamba yenye kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni, unasikilizia risasi ikigusa chini, kisha unamtajia nahodha urefu wa maji. Tulikuwa na mitambo ya kupimia, lakini mitambo hutoa mlio na adui huusikia. Kamba haina mlio. Nilipenda ukimya wa kazi ile kuliko mshahara wake.

Siku tuliyopotea, meli ya visiwa ilikuwa inatufukuza tangu alfajiri. Nahodha akaamuru mtambo wa ukungu uwashwe. Huo ni mtambo wa kujifichia: unatoa ukungu mzito unaofunika meli nzima, hata ngurumo ya injini inamezwa humo humo. Fundi wetu alizoea kuuwasha nusu. Safari hii nahodha alisema wote, na fundi akauwasha wote. Pakawa peupe hata sikuuona mkono wangu. Nikatupa bildi, ikazama vizuri. Nikatupa tena, ikazama. Nikatupa tena, nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika kazi yangu yote, paf, kama mtu aliyetua gunia la mihogo. Ukungu ulipoinuka tulikuwa tumekaa katikati ya mafunjo, meli imeinama kidogo upande, na mama mmoja mwenye jembe anatutazama bila mshangao wowote.

"Nyinyi nakaa hapa mpaka lini?" akauliza. "Mimi nataka panda nduma."

Tulijificha kupita kiasi. Ndivyo fundi anavyosema hadi leo, na ndiyo maelezo pekee ninayoyakubali. Mtambo wenyewe uliungua siku ile ile, ukayeyuka ndani. Fundi aliufungua, akautazama, akaufunga, akaenda kukaa peke yake kwenye nyasi. Hatukuhitaji kumuuliza kama tungerudi.

Watu walikuja makundi kwa makundi. Wengine walidhani ni mradi wa serikali. Wengine walikuja na mizani wakitaka kutununua kama vyuma chakavu. Wakala mmoja wa forodha alitoka mjini Busia kwa pikipiki, viatu vinang'aa, akaizunguka meli huku ameshika suruali isilowe.

"Hii meli yenu iko ya kupita ama ya kubaki?" akamuuliza nahodha. "Kama iko ya kupita, ilitakiwa toka kitambo. Kama iko ya kubaki, nani aliilipia ushuru?"

Nahodha, mtu ambaye nilimwona akisimama wima huku risasi zikipita juu ya kofia yake, alivua kofia ile akaishika kifuani kama mshtakiwa. Tangu siku ile nilimwona akipungua. Bado anapandisha bendera kila asubuhi, lakini siku hizi anazungumza na ng'ombe wa jirani kwa upole ambao sisi hakutupa hata siku moja.

Sisi wengine tulitawanyika kutafuta riziki, maana mafunjo hayaliwi. Fundi anatengeneza mashine za kusagia. Mpiga mzinga wetu anakaanga chapati na mayai karibu na mpaka, na wateja wanamgombea. Mimi nilipata kazi ya kupakia na kupakua malori. Watu wa huku walitupokea kwa wepesi ambao mpaka leo unanishangaza. Mpakani kila mtu ametoka mahali, na mtu akifanya kazi na asiibe, hawamsumbui sana kwa maswali ya wapi.

Jambo ambalo sikuweza kumweleza mtu ni kina. Miaka yote nilikuwa nimeipima nchi hii kutoka juu, na sasa ninaikanyaga. Hapa penye soko la Busia, kwetu maji ni marefu sana, kamba inakwenda inakwenda mpaka mkono unachoka. Dabani pana mteremko laini wa udongo. Bildi ilikuwa ikirudi na tope jeusi nami nikilinusa. Sasa tope lile lile mama wa nduma analima, na mimi napita juu yake na kandambili. Nikinunua nyanya huwa nainua macho bila kutaka, nikitazamia kuona tumbo la meli likipita juu polepole, na samaki, na mwanga ule wa kijani unaotikisika. Naona anga, waya za umeme na korongo marabu juu ya paa. Muuza nyanya ananiuliza kama mvua inakuja. Namjibu ndiyo, inakuja, maana nitamwambia nini?

Asubuhi za ukungu ndizo zilizokuwa ngumu. Ukungu wa huku hutoka kinamasini na kulala mashambani mpaka jua likolee, na wakati huo malori yote yaliyopanga foleni kuelekea forodhani huonekana vichwa tu. Nilikuwa nasimama hapo na mzigo begani nikihisi niko chini ya ziwa letu kweli kweli, nimelala, na ikiwa nitajisukuma kidogo kwa miguu nitapanda taratibu mpaka juu, nitoe kichwa, nione taa ya Tororo. Halafu dereva anapiga honi. Nilikuwa nawachukia madereva.

Asubuhi ya namna hiyo ndipo nilipokwenda kituo cha boda kutafuta usafiri wa kunirudisha Dabani. Mwendeshaji aliyekuwa wa kwanza kwenye zamu alikuwa mtu mzima wa rika langu, ndevu zimeanza mvi. Nilipomkaribia alivua kofia ya chuma, akarudi nyuma, akaweka mikono kichwani.

"Wewe si tulikuzika?" akasema.

"Mimi?"

"Mimi nilichimba kaburi na mkono yangu hii. Mwili haikupatikana, tukazika mgomba. Mama yako alilia mpaka sauti naisha. Sasa wewe nasimama hapa nataka boda?"

Nilielewa mara moja, kwa sababu desturi hiyo tunayo pande zote mbili. Mtu akipotea na mwili wake ukakosekana, watu wake hukata shina la mgomba lenye urefu wake, hulivika shuka, huliombea, na kulizika nyumbani. Hapo roho yake inapata mahali pa kulala, na waliobaki nao wanapata usingizi. Na kuna neno moja zaidi. Mtu aliyezikwa hivyo akitokea mzima, haruhusiwi kupita lango wala kuguswa na wa kwao mpaka mgomba ule ufukuliwe na kuchomwa. Boma moja haliwezi kuwa na mtu yule yule amelala ardhini na papo hapo anakula.

Yule mwendeshaji alinieleza mengine taratibu, akiniangalia kwa kando. Walikuwa wamekua pamoja Paya, yeye na huyo mwenye sura yangu. Mwenzake akapata kazi ya ulinzi kwenye meli ya mizigo, bahari za mbali huko ambako watu wanapigana. Meli ikapotea yote. Hawakuona mtu, hawakuona hata ubao.

Nilijua vizuri kwamba aliyezikwa si mimi. Lakini alikuwa amesema mama yako. Nilimtaka mama. Sina namna nyingine ya kusema, mtu mzima niliyekwenda vitani nilimtaka mama yangu kama mtoto aliyeachwa sokoni. Nikamwambia anipeleke Paya, nikamwone tu.

Tulifuata njia ya Tororo, kisha tukakata kushoto kwenye vumbi. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Nilikuwa nahesabu kina kimoyomoyo: hapa parefu, hapa panapungua, hapa bildi ingepiga changarawe. Ardhi ilikuwa inapanda na maji yasiyokuwepo yanapungua juu yangu, mpaka yakanifika mabegani, kiunoni, vifundoni. Ndipo ikanijia, kwa kuchelewa kwa kijinga, kwamba mama yangu mimi naye yuko ufukweni upande wa pili, ameletewa habari za meli iliyopotea, na pengine amekwisha kuita watu wakate mgomba. Nililia nyuma ya boda ile. Mwendeshaji alidhani ni upepo, au alijifanya kudhani.

Nyumba ilikuwa pale pale. Mahali pa maji palikuwa na mihogo, basi. Ua ulikuwa ule ule wa manyara, na mbele ya nyumba, kando ya migomba, palikuwa na tuta la udongo lililoota nyasi.

Mama alitoka na ungo mkononi. Ungo ulianguka. Alikuja mbio mpaka langoni akasimama ghafla, mikono imenyooka kwangu, kwa sababu hakuruhusiwa kunigusa. Alikuwa mama yangu. Alikuwa na nundu ile ile ndogo kwenye kifundo cha mkono, na namna ile ile ya kushika pumzi kabla ya kulia. Nami nilibaki nje ya lango, hatua chache tu kutoka kwake.

"Leteni jembe!" akapiga kelele. "Mtoto yangu iko mzima! Leteni jembe, mimi nataka shika yeye!"

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alitoka nyumba ya pili amevaa gamubuti. Alinitazama, akafanya ishara ya msalaba, akaenda moja kwa moja kwenye tuta. Jembe lilipanda, likashuka. Nyasi zikakatika. Kila pigo lilikuwa linamsogeza mama kwangu, na nilitaka, wacha niseme wazi, nilitaka kunyamaza. Nilikuwa nimeshachoka kuwa mtu wa mahali pasipokuwepo. Kunyamaza kidogo tu, na ningekuwa na mama, nyumba na jina. Lakini pale chini ndipo alipokuwa mwana wake. Hakuwa na mahali pengine duniani, ila shimo lile, na mimi ndiye niliyekuwa namtoa.

"Simameni," nikasema. "Mama, usimfukue. Mimi si yeye."

Jembe likabaki hewani. Nikawaeleza yote, nikiwa nimesimama kule nje kama mchuuzi, ziwa, vita, ukungu, meli ya Dabani. Meli walikuwa wameisikia, nani hakuisikia. Baba mdogo alitikisa kichwa.

"Vita naharibu kichwa ya watu," akasema kwa huruma. "Apumzike kwanza."

Mama aliinamisha kichwa upande. Alinitazama, si usoni tu, alinitazama ninavyosimama, mabega yangu, miguu. Mama huwa anajua. Niliona uso wake ukijua, na sikuwahi kuona jambo la huzuni kama lile, na ilibidi nisimame niliangalie kwa sababu nililileta mimi.

"Hiyo ziwa yenu," akauliza hatimaye, "nafika wapi?"

"Pale kwenye mihogo."

"Na huyo mama yako nafanya kazi gani?"

"Anakausha samaki, anauza."

"Samaki!" Akakunja pua. "Mimi hata harufu yake siwezi." Akacheka kidogo, na kicheko hicho nilikuwa nimekisikia tangu tumboni. Kisha kikakatika. "Yeye najua kwamba wewe iko hapa?"

"Hajui, mama. Nadhani naye amezika mgomba."

Akakaa chini pale pale langoni, kwenye vumbi, miguu imenyooka. Nilidhani sasa atamlilia mwanawe upya, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua mara ya pili. Hakulia. Alikuwa anafikiri, na midomo ilikuwa inasogea.

"Hiyo ukungu," akasema, "iko kwa ziwa peke yake, ama hata bahari iko nayo?"

"Sijui."

"Hujui, ama haiwezekani?"

"Sijui, mama. Kweli sijui."

"Mtoto yangu alikuwa kwa meli. Meli napotea, hata ubao haionekani. Sasa wewe ulikuwa kwa meli, ukapotea, ukafika kwangu." Alinyanyua macho. "Yeye naweza fika wapi?"

Mwendeshaji wa boda, aliyekuwa ameegemea pikipiki yake nyuma yangu, alisogeza mguu.

"Chimba," mama akamwambia shemeji yake.

"Lakini huyu amesema si yetu!" Baba mdogo alishusha jembe kwa hasira. "Nachimba ya nini? Mgomba ikitoka hapo, wewe nabaki bila mtoto na bila kaburi. Utalia wapi?"

"Na yeye akisimama nje ya ua ya watu huko, huku mimi nimefunga yeye kwa udongo, ataingia namna gani?"

Baba mdogo alimtazama shemeji yake, akanitazama mimi kama mtu anayetaka kunipiga, na nisingemlaumu. Kisha akachimba. Mwendeshaji akaweka kofia yake kitini, akaenda kumsaidia, maana yeye ndiye aliyelichimba mara ya kwanza. Shuka lilikuwa limekwisha kuoza. Mgomba wenyewe ulikuwa nyuzi nyeusi na maji. Waliutoa kwa koleo, wakaubeba nje ya ua, wakaumwagia mafuta ya taa. Uliwaka vibaya, moshi mwingi, moto kidogo, na moshi ukachanganyika na ukungu juu ya mihogo. Mama alilijaza shimo mwenyewe. Alikataa kusaidiwa. Alilisawazisha kwa miguu mpaka huwezi kujua kwamba palikuwa na kitu.

Kazi yangu ilikuwa kina. Najua vitu vizito vinavyozama na havirudi, najua hivyo kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Ningeweza kumwambia. Maneno yalifika kooni kabisa. Nilimwangalia akipangusa udongo kwenye visigino, nikayameza, na sijui mpaka leo kama ulikuwa wema au woga.

Kisha alikuja langoni, akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa na udongo wa kaburi, na ulikuwa na joto.

"Karibu, mgeni," akasema. Hakusema mwanangu. Akaniingiza ndani.

Alipika ugali wa wimbi na majani ya kunde yaliyotiwa karanga. Baba mdogo alikula akaondoka. Mwendeshaji alikula, akashukuru, akarudi Busia kutafuta abiria wengine. Tukabaki sisi wawili, mimi mkekani, yeye kwenye kigoda, na nje jua lilikuwa limeanza kukolea. Alinitazama ninavyokula kama mtu anayejifunza kitu. Nilipomaliza nikasogeza sahani.

"Ongeza," akasema.

"Nimeshiba, mama. Asante."

"Bado." Mwiko ulikuwa tayari mkononi mwake. "Huyo mama yako sasa hivi nataka kujua kama wewe nakula. Na mimi nataka kujua yangu nakula. Kula, mgeni. Vile mimi nalisha wewe, ndivyo yeye nalisha yangu."

Tumboni hapakuwa na nafasi hata ya tonge moja. Nikanyoosha sahani, akanipakulia, nikala.